MP-1, JMP-1 au Triaxis: priampu ya raki kwa mpiga gitaa wa Nairobi

Ukiwauliza wapiga gitaa kuhusu priampu za raki, yaani vikuza sauti vya awali vinavyofungwa kwenye fremu ya chuma, wengi wataanza na distoshoni, sauti iliyokwaruzwa makusudi: ipi ina geini (nguvu ya kukuza) nyingi, ipi inanguruma, ipi ilitumiwa na bendi gani ya roki. Mpiga gitaa wa Nairobi namshauri aanzie upande wa pili. Kazi inayomlisha mjini humu ni ya sauti safi. Jumamosi kuna harusi Kiambu au Ngong, rumba na benga hadi jioni. Jumapili ni kanisani. Katikati ya wiki ni hoteli, au studio. Roki ipo na ina wapenzi wake wa damu, ila hata mpiga roki wa hapa mara nyingi kodi ya nyumba huilipa kwa nyimbo za ibada na za harusi. Mashine yenye chaneli kali ya solo na sauti safi iliyopooza itakufaa kwa nyimbo mbili tatu, kisha usiku uliobaki utakuwa unapigana nayo.

Nalinganisha tatu ambazo kila mtu huishia kuziweka pamoja: ADA MP-1 ya Marekani, iliyotoka 1987, Mesa/Boogie Triaxis, ya Marekani pia, ya 1991, na Marshall JMP-1 ya Uingereza, ya 1992. Zote ni za kimo cha 1U, yaani milimita 44.45, na upana wa raki wa inchi 19. Zote zina valvu halisi ndani, zile taa za kioo zinazokuza mawimbi, zote zinatunza sauti ulizozitengeneza na kuzibadilisha kwa MIDI, lugha ya amri kati ya vyombo vya muziki. Na zote tatu zimeacha kutengenezwa, kwa hiyo utanunua iliyotumika, na karibu kila mara itatoka nje ya nchi. Kwa bei, MP-1 kwa kawaida ndiyo ya chini, JMP-1 inafuata, Triaxis iko juu kabisa, na pengo la mwisho si dogo.

Kwa aliye mgeni wa mambo haya: priampu haitoi sauti ya kusikika ukumbini. Inapokea mawimbi dhaifu ya gitaa, inayakuza na kuyapa tabia, kisha inayakabidhi kwa pawa ampu, inayosukuma spika, na boksi la spika, au kwa miksa ya ukumbi. Faida ya kuitenga hivi ni kwamba unabaki na sauti yako hata kama spika za ukumbi si zako. Nairobi hilo lina uzito, kwa sababu mara nyingi spika si zako.

Sauti safi

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Benga ilizaliwa kwa wapiga gitaa waliohamisha mwendo wa nyatiti, chombo cha nyuzi nane cha Waluo, na kuuweka kwenye nyuzi za gitaa. Noti ni nyingi, zinakuja kwa kasi, na kila moja lazima isikike mwanzo wake. Ukiweka sauti nzito yenye besi nyingi, noti zinagandana na solo inageuka uji. Rumba ya bendi za Kikongo zilizotia nanga Nairobi miaka ya 1970, kama Super Mazembe na Les Mangelepa, inataka kitu tofauti kidogo: gitaa mbili tatu zinazosukana, solo juu, mi-solo katikati, ridhimu chini, kila moja na nafasi yake, na mara nyingi korasi kidogo, athari inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili, ili sauti ielee. Nyimbo za ibada za siku hizi zinataka sauti pana inayobeba dilei ndefu, yaani marudio ya sauti, bila kuchafuka. Priampu ya mtu wa Nairobi inapaswa kuyaweza yote matatu, na kuyabadilisha kwa mguu.

MP-1 ina njia tatu za kupitisha sauti: valvu safi, valvu iliyosukumwa, na njia isiyo ya valvu inayoonekana kwenye paneli kama S.S. Wengi wanaipuuza hii ya tatu kwa sababu walinunua mashine ya valvu na wanataka valvu. Kwa benga mimi ningeanza nayo. Inakata, haina uvivu, kila noti inaondoka mara tu kidole kinapogusa uzi. Juu ya hapo MP-1 ina korasi ya stirio iliyojengwa ndani, ya analogia, na ni korasi nzuri ajabu. Kasi na kina vyote vinahifadhiwa kwenye priseti, yaani sauti uliyoitunza ndani ya mashine. Mpiga mi-solo wa rumba akiiweka kidogo tu, karibu isisikike, gitaa linapata ule upana ambao wengine huutafuta kwa pedali mbili. Njia ya valvu safi ina mng'ao wa studio za miaka ya 1980, sauti iliyopangwa vizuri, kidogo kama iliyopigwa pasi. Kuna watakaoipenda hivyo. Mimi naiona haina joto la kutosha kwa mtu anayepiga gitaa peke yake nyuma ya mwimbaji.

JMP-1 ina chaneli nne: mbili safi, na mbili za kukwaruza, OD1 na OD2. Clean 1 ni ya mviringo zaidi, Clean 2 inang'aa na ina besi iliyokazwa. Kwa kuwa ni Marshall, watu hudhani sauti safi iliwekwa kujaza nafasi. Sivyo. Clean 2 ikiwa na geini ya chini na ujazo wa juu, trebo ikipandishwa kidogo, inakaa vizuri mno kwenye benga na kwenye ridhimu ya rumba. Haina utamu wa Mesa, na haina korasi ya ADA, lakini inaketi kwenye muziki bila kusukuma mtu. Mwimbaji anasikika, kinanda kinasikika, gitaa linasikika. Mtu wa miksa hatakuja kukulalamikia. Kuna pia kitufe cha kubadilisha tabia ya besi, nacho kina msaada mkubwa kwenye kumbi zenye kuta za mawe na dari la mabati, ambako besi huzunguka bila mahali pa kutokea.

Triaxis, ukisikiliza chaneli ya Rhythm peke yake chumbani, inazishinda zote mbili. Sijui namna nyingine ya kulisema. Rhythm Green ni kubwa, ina kina, na ukipiga kodi taratibu inachanua. Rhythm Yellow imekaa kisasa zaidi, iliyobana. Kwa jazi, kwa nyimbo za ibada za polepole, kwa mtu anayerekodi na kutaka gitaa moja lijaze wimbo, hakuna ubishi. Lakini ukubwa huo huo ndio unaoleta shida jukwaani pale wapiga gitaa wanapokuwa watatu. Inachukua nafasi ya mi-solo na ya kinanda kwa pamoja. Inabidi upunguze besi hadi karibu na sifuri, na upunguze tena. Na ujue kwamba vidhibiti vya toni vya Mesa viko mapema kwenye njia ya mawimbi, kabla ya hatua za kusukuma: ukiongeza trebo, unaongeza na geini. Ukizoea, ni silaha. Kabla hujazoea, utaona sauti safi inaanza kukwaruza pale ulipotaka tu ing'ae.

Kwa hiyo, kwa sauti safi: Triaxis ni nzuri kuliko zote ukiwa peke yako au studio, MP-1 ni bora kwa rumba yenye korasi na benga ya kasi, JMP-1 ndiyo inayokubali kazi nyingi zaidi bila kubadilishwa badilishwa. Na mpiga gitaa anayepokea simu Ijumaa kuulizwa kama yuko huru Jumamosi anahitaji hiyo ya mwisho.

Kukwaruza

Hili nitalipita upesi kidogo, kwa kuwa ndilo lililosemwa sana kwingine.

Triaxis ina mitindo minane kwa jumla: miwili ya Rhythm, mitatu ya Lead 1 na mitatu ya Lead 2. Lead 2 ndiyo iliyobeba damu ya ampu za Mark za Mesa, sauti ile nyembamba, yenye msukumo wa katikati, inayoimba noti ndefu. Kidhibiti kinachoitwa Dynamic Voice kinakata katikati na kuinua juu na chini kwa pamoja, kama ikwalaiza ya ampu za Mark ilivyokuwa ikitumiwa. Ukipiga metali, hapa ndipo pa kuweka pesa. Metallica waliitumia, na ukisikia Lead 2 utaelewa kwa nini.

OD1 ya JMP-1 ni Marshall unayoijua hata kama hujawahi kuigusa: roki ya kawaida, bluzi yenye hasira, ridhimu inayouma. OD2 ina geini zaidi na imebanwa zaidi. Wapiga gitaa wa Iron Maiden wamekuwa nayo kwenye raki zao kwa miaka mingi. Kwa nyimbo za ibada, pale wimbo unapopanda na gitaa linatakiwa kuunguruma nyuma ya kwaya bila kumtisha mzee wa kanisa, OD1 ikiwa na geini ya robo tu inatosha kabisa.

MP-1 inajulikana kwa sauti ya roki ya miaka ya 1980, laini, iliyojaa, yenye korasi juu yake. Paul Gilbert, mpiga gitaa wa roki, alipita hapo. Leo inasikika na tarehe yake. Kwa solo ndefu bado ni tamu, kwa ridhimu nzito sitakupendekezea.

Kutoka kwa priampu hadi kwa miksa

Hili linawaangusha wengi, na halizungumzwi vya kutosha. Kwenye kumbi na makanisa mengi ya Nairobi hutakuta boksi la spika la gitaa. Utapewa kebo, labda boksi la DI (kifaa cha kuunganisha chombo na miksa), na mtu wa sauti atakunyooshea kidole mahali pa kuchomeka. Spika ya gitaa hukata mawimbi ya juu kwa asili yake. Spika za ukumbi hazikati. Ukipeleka priampu yenye distoshoni moja kwa moja kwenye miksa bila kitu cha kuiga spika, utasikia mchakarisho wa nyigu.

JMP-1 ina matokeo ya stirio yanayoiga spika, nyuma yake, tayari. Unachomeka, unapiga. Uigaji wenyewe ni wa kizamani, si wa kumshangaza mtu wa studio, ila jukwaani unatosha na umewahi kuokoa mashoo mengi. Triaxis nayo ina matokeo ya kurekodi yaliyochujwa, na kwa sauti safi yanafaa sana. Kwa Lead 2 naona yanabaki na ukali juu. MP-1 haina chochote cha namna hiyo. Lazima ununue kifaa kingine cha kuiga spika, iwe pedali ndogo au boksi la DI lenye kichujio, na gharama hiyo uiweke kwenye hesabu kabla ya kushangilia bei ya chini. Kwa sauti safi peke yake MP-1 inaweza kwenda moja kwa moja na ikasikika vizuri, hasa ile njia ya S.S., lakini siku utakapoombwa solo ya kukwaruza utakwama.

Jambo la stirio pia. Korasi ya MP-1 ni tamu ikitoka kushoto na kulia. Uliza kwanza kama utapewa laini mbili. Mara nyingi utapewa moja.

Stima

Kenya tunatumia volti 240, hezi 50, na plagi ya pini tatu kama ya Uingereza. Mashine iliyotoka Marekani mara nyingi ni ya volti 120, iliyotoka Japani ni ya 100. Ukiichomeka hapa moja kwa moja, ukibahatika fyuzi inakatika. Usipobahatika, transfoma ya ndani inakufa, na transfoma ya Triaxis si kitu utakachokipata Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya elektroniki.

Hii ndiyo sababu kubwa, baada ya sauti safi, inayonifanya niiweke JMP-1 mbele. Ni mashine ya Uingereza, ziliuzwa nyingi huko, na ukinunua ya huko inakuja na volti zetu na plagi yetu. MP-1 na Triaxis unazozikuta kwa bei nzuri nyingi ziko Marekani. Zipo zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya, na inafaa kusubiri upate moja ya hizo. Kabla hujatuma pesa, mwombe muuzaji picha ya nyuma ya mashine pale palipoandikwa volti. Akikutumia picha ya mbele tu, omba tena.

Ukiishia na ya volti 120, Luthuli utapata transfoma za kushusha stima. Priampu peke yake haili stima nyingi. Valvu aina ya 12AX7, ambayo Ulaya inaitwa ECC83, hutumia chini ya wati mbili kupasha nyuzi zake. Transfoma ya wati 100 inatosha priampu. Haitoshi priampu pamoja na pawa ampu, na hapo ndipo watu huiunguza. Kumbuka pia kwamba transfoma hiyo inashusha volti, haibadilishi hezi. Transfoma ya ndani iliyopimwa barabara kwa hezi 60 itapata joto zaidi kwenye hezi 50 zetu, kwa hiyo acha nafasi tupu juu yake kwenye raki ili ipumue.

Kisha kuna stima inayokatika na kurudi kwa kishindo. Kwenye harusi za nje ni jenereta, na jenereta ndogo hupandisha na kushusha volti kila mtu wa chakula anapowasha birika. Weka kidhibiti volti kati ya soketi na raki yako. Si anasa. Stima ikikatika katikati ya wimbo, valvu zitahitaji sekunde kadhaa kupata joto tena kabla ya sauti kurudi; mwambie mpiga kinanda ajaze.

Ukisikia mlio wa chini usioisha, usikate pini ya waya wa ardhini. Najua wanaoifanya hivyo, na ndani ya mashine hizi kuna mamia ya volti. Tumia boksi la DI lenye swichi ya kutenganisha ardhi. Linamaliza mlio na linakuacha hai.

Valvu zenyewe si shida. JMP-1 na MP-1 zina mbili mbili, Triaxis ina tano, zote za aina hiyo hiyo ya 12AX7, na bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China. Agiza za akiba. Lakini kuziweka mpe fundi anayejua valvu, kwa sababu kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi.

Kumbukumbu na miguu

MP-1 inahifadhi priseti 128, JMP-1 100, Triaxis 90. Hutazimaliza. Mpiga gitaa wa harusi anahitaji labda sita au saba: safi ya benga, safi ya rumba yenye korasi, safi pana ya ibada, solo safi iliyoinuliwa kidogo, za kukwaruza mbili tatu. Kinachohesabika ni urahisi wa kurekebisha papo hapo ukumbi ukikusaliti. Triaxis hapa inaongoza waziwazi: kila kidhibiti kina namba yake inayowaka mbele na vitufe vyake vya juu na chini, unaona kila kitu kwa mtazamo mmoja hata gizani. JMP-1 ina kitufe kwa kila jambo na kirungu kimoja cha kuzungusha. MP-1 inakutaka ukumbuke uko wapi kwenye safari ya namba, na jukwaani hilo linachosha.

JMP-1 ina fadhila moja nisiyotaka ipotee: kiwango cha mwangwi na dilei unachokichomeka kwenye lupu yake, njia ya kuunganisha athari za nje, kinahifadhiwa ndani ya kila priseti. Benga ikawa kavu, ibada ikazama kwenye dilei, kwa kubonyeza mara moja.

Kwa miguu, pedali yoyote ya MIDI ya plagi ya pini tano itazungumza na zote tatu. Behringer FCB1010 ni kubwa na nzito lakini inapatikana na inafanya kazi.

Zisizo katika tatu hizi

Tech 21 SansAmp PSA-1 haina valvu, ni ya analogia, ina kumbukumbu na MIDI, na iliundwa tangu mwanzo kwenda moja kwa moja kwenye miksa. Kwa mtu ambaye hatawahi kumiliki boksi la spika, namheshimu anayeichagua kuliko anayejitesa na MP-1. Synergy SYN-2 ni kwa mwenye mfuko mzito: unachomeka moduli mbili za valvu, kila moja na chaneli mbili, za Soldano, Friedman, Diezel na nyinginezo, na bado inatengenezwa.

Halafu kuna za dijitali: Fractal Axe-Fx, Kemper, Line 6 Helix ya raki. Tusijidanganye. Kwa wepesi wa kazi zinashinda: athari zote ndani, uigaji wa spika wa hali ya juu, na nyingi za kisasa zinapokea volti 100 hadi 240 bila maswali. Mwenye pesa za Triaxis na pawa ampu yake afikirie sana kabla ya kuzikataa. Kinachonibakisha kwenye valvu ni mguso wa sauti safi pale kidole kinapopunguza nguvu, na ukweli kwamba fundi mzuri wa Nairobi anaweza kubadilisha kapasita, valvu au soketi ya mashine ya 1992, wakati bodi ya dijitali iliyokufa husafiri nje ya nchi na hairudi upesi.

Nani achukue ipi

Unapiga kila kitu, unaenda unakoitwa, huna uhakika wa boksi la spika: JMP-1. Sina wasiwasi kulisema. Haiwi ya kwanza kwenye sauti yoyote moja, lakini inatoka vizuri kwenye kila swali nililouliza hapo juu, na inakuja na stima yetu.

Una pawa ampu na boksi lako, unarekodi, au unapiga metali na jazi kwa moyo wako wote: Triaxis, na ukipata pawa ampu ya Mesa ya kuoana nayo, usitafute kingine kwa muda mrefu.

Wewe ni mtu wa rumba, mi-solo ndiyo nyumba yako, bajeti ni ndogo na unamjua fundi: MP-1, pamoja na kifaa cha kuiga spika. Korasi ile utazeeka nayo.

Kabla ya kulipa

Mwombe muuzaji video, si picha tu. Kwenye JMP-1 aonyeshe kirungu cha namba kikizungushwa polepole: ugonjwa wake unaojulikana ni namba kurukaruka, mbele na nyuma, kirungu kikishachakaa. Kinabadilishwa, ila bei ishuke. MP-1 na JMP-1 zina betri ndogo ndani inayotunza kumbukumbu mashine ikiwa imezimwa. Betri ikifa, priseti zinapotea. Kuibadilisha ni kazi ya fundi, kwa sababu mara nyingi imechomelewa kwenye bodi, na andika priseti zako kwenye karatasi kabla hajaigusa. Azungushe geini juu bila gitaa kuchomekwa, nawe utege sikio: vuma la kawaida ni sawa, milipuko midogo midogo au mlio unaoongezeka ni valvu au kapasita. Ikiwasili, igonge taratibu kwa penseli. Ikilia kama kengele kwenye spika, valvu ya kwanza imechoka.

Kwenye hesabu yako weka VAT ya asilimia 16 pamoja na ushuru na ada nyingine za forodha, si bei ya mnunuzi wa London.

Na kisanduku. Mafundi wa Kamukunji wanaotengeneza masanduku ya chuma ya wanafunzi wa bweni watakutengenezea kasha la raki ukiwapelekea vipimo: sentimita 48.26 upande kwa upande wa paneli ya mbele, na reli zenye matundu ya kupigia skrubu. Kina pima kwa mashine yako mwenyewe, kisha waambie waongeze nafasi ya plagi na kebo nyuma. Ndani weka sponji nene chini na pembeni, maana litasafiri kwenye buti la matatu, na uzoee kuziacha valvu zipoe kabla hujalifunga na kulibeba.